Michai Arobaini na Barua Mbili



Mwezi wa Juni mwaka jana tulipanda basi la usiku kutoka Mombasa hadi Kericho, na kutoka Kericho tukachukua matatu hadi Litein, katika njia iendayo Sotik na Bomet. Sisi watu wa pwani chai tunaijua kwa namna mbili: ndani ya kikombe, na juu ya malori yanayoelekea maghalani. Mnada wa chai ulihamishiwa Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na tangu hapo majani ya Kericho, Bomet, Kisii na Kirinyaga, na hata ya nchi za jirani, huuzwa mjini kwetu. Lakini mchai wenyewe, ukimfika kiunoni mwanamke anayechuma majani mawili na kichipukizi, wengi wetu hatujawahi kuuona. Huko milimani asubuhi huwa na ukungu, na mchana ukipinda mvua hunyesha kana kwamba imeahidiana na watu.

Hatukwenda kutembea. Tuliitwa katika shauri la kifamilia. Marehemu binamu yetu alikuwa dereva wa malori yaliyoteremsha chai kutoka Kericho hadi bandarini. Huko bara akaoa, mkewe akasilimu, wakajaaliwa binti mmoja na wavulana wawili. Alinunua ekari mbili karibu na Litein, akazipanda chai, kisha Mwenyezi Mungu akamchukua kabla ya watoto kukua. Mjane wake ndiye aliyeendesha shamba hilo miaka yote hii: alfajiri baada ya sala anakwenda kuchuma, adhuhuri anapeleka majani katika kituo cha kununulia, jioni anapika. Binti yake amesoma kwa majani hayo hadi akapata shahada ya kwanza, akafanya kazi miaka miwili katika idara ya rekodi za hospitali, na sasa anataka kuendelea na uzamili wa takwimu za afya.

Juu ya meza kulikuwa na barua mbili.

Ya kwanza ilitoka katika chuo kikuu cha Uingereza ambacho jina lake hata wauza maziwa wa Litein wanalijua. Kilimpa nafasi ya mwaka mmoja, na punguzo la pauni 10,000 katika karo ya pauni 31,000. Ya pili ilitoka katika chuo kingine cha nchi hiyo hiyo, katika mji ambao hapana aliyekuwapo pale aliyepata kuusikia. Somo ni hilo hilo na muda ni huo huo. Lakini karo, tiketi ya ndege na posho ya kila mwezi vyote vingelipwa na ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ule unaotolewa kwa ushirikiano na vyuo kwa vijana ambao familia zao hazina uwezo. Sharti lake ni kwamba mfadhiliwa akimaliza arejee nchini kwake.

Mtu aliye mbali atauliza: hapo pana shauri gani tena? Si achukue kinacholipiwa, jambo liishe? Nasi tulipokuwa ndani ya basi tulidhani hivyo hivyo. Lakini aliye mbali hajui uzito wa jina. Barua ile ya kwanza ilikwisha kusomwa kwa sauti mbele ya majirani. Mjomba wa binti, kaka yake mama, ni mwalimu mkuu mstaafu; si wa dini yetu, lakini ni mtu wa heshima aliyewalea watoto wa dada yake kama wake. Yeye alikuwa na mpango tayari: hati ya shamba iwekwe dhamana benki, mkopo uchukuliwe, na upungufu ujazwe kwa harambee. “Dada,” alimwambia mama wa watoto, “nafasi kama hii haibishi hodi mara mbili katika nyumba ya maskini.”

Tukaomba daftari na kalamu.

Karo baada ya punguzo ni pauni 21,000. Chumba, chakula na nauli za mwaka mmoja, kwa makadirio ya chuo chenyewe, ni pauni 14,000. Jumla ni pauni 35,000. Tukiikadiria pauni moja kwa shilingi 170, tunapata shilingi 5,950,000. Ukiongeza viza, ada ya afya na tiketi, tumeipita milioni sita. Kisha tukamuuliza mama: mwaka uliopita, ukijumlisha malipo ya kila mwezi na bonasi, ukatoa ujira wa wachumaji na mbolea, ulibakiwa na nini? Akajibu bila ya kutazama karatasi, kwa sababu fedha ya jasho haisahauliki: shilingi 220,000. Tukagawanya. Jawabu likawa ni chai ya miaka ishirini na saba, bila ya kula, bila ya kuvaa, bila ya karo ya ndugu wawili waliobaki, na bila ya kuihesabu riba ya benki.

Mjomba akasema kwamba mtu aliyesoma chuo kile angelipa mkopo ule kwa miaka mitano ya mshahara. Huenda. Lakini hapo ndipo tulipouliza swali ambalo halikuwa limeulizwa, na ambalo tunaomba kila familia inayosoma makala haya ilikumbuke: shamba hili ni la nani?

Tangu binamu yetu afariki, mirathi haikuwa imegawanywa. Si kwa ubaya; mama alikuwa akilea, na shamba likawa ni la wote. Lakini sheria ya mirathi haisubiri tugawanye ndipo haki iwepo. Mjane mwenye watoto ana thumni. Kilichobaki ni cha watoto, mvulana mafungu mawili na msichana fungu moja. Marehemu hakuwa na wazazi walio hai. Kwa hiyo katika kila michai arobaini ya shamba lile, mitano ni ya mama, saba ni ya binti, kumi na minne ni ya mvulana wa kwanza na kumi na minne ni ya mdogo wake. Michai ishirini na minane katika kila arobaini si ya mama wala si ya binti. Ni ya wavulana wawili, na mmoja wao bado hajabaleghe. Mali yake ni amana, na mwenye kuishika amana hairuhusiwi kuiweka rehani kwa ajili ya masomo ya mtu mwingine, hata kama huyo mwingine ni dada yake wa tumbo moja.

Tukaigawanya hesabu upya. Fungu la mama na la binti, mafungu kumi na mawili katika arobaini, ni shilingi 66,000 kwa mwaka. Milioni sita kwa fungu hilo ni chai ya miaka tisini na moja.

Mama akainamisha kichwa. Kijana wa kidato cha tatu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, “Mimi nampa dada fungu langu.” Tulimwombea dua, lakini tukamwambia kwamba zawadi inayotolewa mbele za watu na kijana ambaye hajaanza maisha isipokelewe kwa haraka. Na ya mdogo wake hana mamlaka ya kuitoa.

Baada ya sala ya magharibi binti alikuja kuzungumza nasi barazani, na hoja yake haikuwa ya kitoto. “Ami,” alisema, “hapa petu tunajua bei ya jina. Chai ya mama na chai ya upande wa pili wa Bonde la Ufa, zote ni majani mawili na kichipukizi. Lakini viwanda vya kule vimepata jina sokoni, na wakulima wake wanalipwa bonasi kubwa kuliko sisi. Kila mwaka watu wa Kericho na Bomet wanalalamika. Mimi nikirudi na cheti cha chuo kisichojulikana, si nitakuwa kama chai ya huku?”

Hatutaki kumdanganya msomaji: hoja hiyo ina nguvu. Jina si upuuzi. Chuo chenye jina kina maktaba, kina watu waliotangulia ambao leo wamekaa katika viti vya kuajiri, na mwajiri mwenye barua mia tano mezani hutazama jina kwa sababu hana muda wa kumjua mtu. Katika biashara kubwa na sheria za kimataifa, kwa mfano, jina linaweza kumfungulia mtu mlango ambao maarifa peke yake hayafungui. Mwenye kusema kwamba vyuo vyote ni sawa hasemi kweli.

Lakini tulimjibu kwa chai ile ile. Mombasa mnunuzi hanunui gunia kwa kusoma jina la kiwanda tu. Kabla ya mnada sampuli hupelekwa, waonjaji huzitia maji ya moto, huzipanga vikombe kwa safu, huvuta funda moja moja na kutema. Jina humfanya mwonjaji akiendee kikombe kwa matumaini. Bei hutoka katika kikombe. Na kiwanda chenye jina hakikulipata kwa kukopa. Kililipata kwa kupeleka chai nzuri msimu baada ya msimu.

Kisha tukamweleza jambo ambalo sisi tuliosoma chuoni, chuo cha msahafu na vitabu vya fiqhi, tulilelewa nalo. Katika elimu yetu ya jadi, mwanafunzi akimaliza kitabu hupewa ijaza, na ijaza haiandikwi jina la jengo. Huandikwa jina la mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, na kuendelea juu. Wanafunzi walisafiri kutoka Barawa na Comoro hadi Lamu na Zanzibar, na kutoka huko hadi Hadhramaut, Makka na Misri, na suali lao likawa moja: nani anasomesha? Tukamwambia binti: umeulizia jina la chuo, umeulizia na jina la mwalimu?

Alinyamaza. Hakuwa ameuliza, si kwa chuo hiki wala kwa kile.

Asubuhi mjomba alikuja na hoja ya mwisho, na aliileta kwa ushindi. “Sheikh, baba yake Obama angeridhika na chuo kidogo, nani angemjua?” Tulifurahi kuulizwa, kwa sababu kisa hicho wengi wanakisikia nusu.

Barack Obama mkubwa alikuwa mtoto wa Mzee Hussein Onyango, aliyekuwa Muislamu. Alikwenda Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, akahitimu mwaka 1962, na hapo zikamjia barua mbili kama zilivyomjia binti yetu. Kwa simulizi ya mwanawe katika kitabu alichokitoa mwaka 1995, chuo cha New School cha New York kilikuwa tayari kumlipia kila kitu, kiasi cha kumwezesha kuishi huko na mke na mtoto wake mchanga. Harvard ilimpa fedha za karo, zisizotosha kuichukua familia. Alichagua Harvard. Mwaka 1964 alirejea Kenya bila ya kuimaliza shahada ya uzamivu, na ndoa ile ikavunjika mwaka huo huo. Mtoto yule, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, alikutana naye mara moja tu tena, akiwa na umri wa miaka kumi. Hatusemi kwamba Harvard ndiyo iliyoyaleta hayo yote. Mambo ya mja na Mola wake yana sababu nyingi. Tunasema kwamba bei ya jina ilikuwapo, na waliolipa sehemu kubwa ya bei hiyo hawakuwa wamekaa katika darasa la Harvard.

Tukamsimulia pia kisa cha nyumbani kwetu. Ali Mazrui, mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipomaliza shule Mombasa alama zake hazikumtosha kuingia Makerere. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ufadhili ulipomjia katikati ya miaka ya 1950, haukumpeleka Oxford. Ulimpeleka Huddersfield, mji wa viwanda vya sufi kaskazini mwa Uingereza, akamalizie masomo ya sekondari. Kutoka hapo akaenda Manchester na kupata shahada ya kwanza mwaka 1960, kisha Columbia ya New York kwa uzamili mwaka 1961, na Oxford ikampa uzamivu mwaka 1966. Na Makerere iliyomkosa akiwa mwanafunzi ikampata akiwa profesa. Huddersfield haikumzuia kufika Oxford. Ilikuwa ndiyo ngazi iliyokuwapo, na aliipanda bila ya kuuza nyumba ya mtu.

Sasa, wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu, Malindi, Tanga na Unguja, msiseme kwamba haya ni mambo ya watu wa chai. Sisi hatuna michai, lakini tuna nyumba za urithi zisizogawanywa, tuna mashamba ya minazi ya babu, na tuna dhahabu za mama zetu. Ni mara ngapi tumesikia kwamba fulani amesafiri, na bangili za mamake zimebaki kwa sonara? Kwa hiyo tunaweka hapa maswali ambayo tuliyauliza Litein, kwa faida ya nyumba itakayopata barua kesho.

La kwanza ni gharama kamili, si karo tu. Mwanafunzi wa Uingereza hulipa ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, kabla hajaondoka kwao. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, na hilo ni jambo zuri. Lakini mwanafunzi huombwa kuonyesha fedha za kujikimu, na kiwango kilichowekwa tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka katika akaunti iliyofungwa, anayoifungulia kidogo kidogo kila mwezi. Na katika jimbo la Baden-Württemberg wageni kutoka nje ya Ulaya hutozwa yuro 1,500 kwa kila muhula. Chuo kisicho na karo bado kina gharama.

La pili ni mali ya nani italipa. Urithi usiogawanywa una wenyewe, na mayatima wana haki ya kwanza ya kulindwa. Dhahabu ya mama, iwe ni mahari yake au zawadi, ni mali yake peke yake; si ya mumewe, si ya mwanawe, na hapana wa kumlazimisha kuitoa wala wa kumtia haya hadi aitoe. Akitaka mwenyewe kwa moyo mkunjufu, malipo yake yako kwa Mola wake. Ndugu wakikopeshana, wakopeshane bila ya riba na waandike. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Lau kama kuandika ni kukosa kuaminiana, isingeshuka hivyo. Na tusiuchukulie wepesi mkopo wa riba kwa sababu tumeupa jina la elimu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga kutokana na deni, na aliletewa jeneza la mtu mwenye deni akajizuia kumsalia mpaka sahaba mmoja alipojitwika deni lile.

La tatu ni nani atafundisha na mlango gani utafunguka. Andikeni barua pepe kwa mwalimu. Waulizeni waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi sasa. Ulizeni kama shahada hiyo inatambuliwa hapa nchini na kama baraza la taaluma yenu linaikubali, kwa wanaosomea udaktari, uuguzi, uhandisi na mfano wa hayo. Na anayetaka uzamivu ajue kwamba vyuo vingi vya Marekani na Ulaya huwalipa wanafunzi wao wa ngazi hiyo kwa kazi ya utafiti na ufundishaji. Barua ya uzamivu isiyo na ufadhili, hata ikiwa na nembo ya dhahabu, ipimwe mara mbili.

La nne ni la mama zetu na dada zetu hasa. Tangu Januari 2024 Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani kuandamana na mume, mke au watoto. Kwa mwanamke aliyeolewa hilo ni sharti zito kuliko karo, na ni bora lijulikane kabla ya kulipa chochote. Ama safari ya binti bila ya maharimu, wanazuoni wamehitilafiana, na wako waliotazama amani ya njia na ya makazi. Kila familia imuulize sheikh inayemwamini, lakini iulize mapema, isisubiri tiketi ikatwe.

La tano ni fedha zinapita mikononi mwa nani. Kaskazini ya Kericho, katika kaunti ya Uasin Gishu, wazazi wengi walilipa malaki ya shilingi katika mpango wa kuwapeleka watoto Finland na Kanada. Mwaka 2023 walikuwa wakiandamana Eldoret kudai fedha zao, na huko Finland wanafunzi wakaambiwa kwamba karo zao hazikufika. Kesi ilifikishwa mahakamani na hatuna la kumhukumu mtu. Funzo letu ni dogo: karo ilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo, kwa jina la mwanafunzi, na stakabadhi itoke chuoni.

Watu hupenda kutaja, katika mambo haya, usemi unaohimiza kuifuata elimu hata Uchina. Wanazuoni wa Hadithi wameudhoofisha usemi huo, ingawa kutafuta elimu ni wajibu wenye dalili zilizo sahihi. Hata hivyo, ukiuchukua kama ulivyo, hausemi kwamba msafiri aiache nyumba yake bila ya paa. Na Suratul Furqan imewasifu waja wa Mwenyezi Mungu ambao katika matumizi yao si wabadhirifu wala si mabahili, bali wako katikati. Ubahili katika elimu ni aibu. Lakini ubadhirifu nao unaweza kuvaa joho la mahafali.

Tulipoondoka Litein hatukutoa amri. Tulimwambia binti asali istikhara, aandike barua mbili kwa walimu wa vyuo viwili, na aamue yeye. Mjomba alituaga kwa adabu, lakini uso wake ulikuwa haujaridhika.

Baada ya siku kumi binti alitupigia simu. Kutoka chuo chenye jina alijibiwa na ofisi, kwa upole, kwamba maswali yake yamo katika tovuti. Kutoka chuo cha pili alijibiwa na mwalimu mwenyewe, kwa kurasa mbili. Mwalimu huyo alikuwa amefanya kazi na takwimu za malaria za nyanda za juu za Afrika Mashariki, na alizijua rekodi za hospitali za mashamba makubwa ya chai ya Kericho, ambazo watafiti wa dunia wamezisoma kwa miaka mingi wakibishana iwapo joto linaloongezeka ndilo linaloupandisha ugonjwa huo milimani. Alimuuliza binti: wewe uliyekaa katika idara ya rekodi, unazionaje? Binti alisema, “Ami, hapana mtu aliyepata kuniuliza swali hilo.”

Hakutuficha kwamba siku ya mwisho ya kulipa amana ya chuo cha kwanza ilipopita, alijifungia chumbani akalia. Alijua alichokiacha. Amekiacha chuo ambacho jina lake lingemtangulia kila mlangoni, na ameiacha nafasi ya kubaki Uingereza na kufanya kazi baada ya masomo, ambayo sharti la ufadhili limemfungia. Tusiwaambie watoto wetu kwamba uamuzi mzuri hauumi. Aliondoka mwezi wa Septemba. Mjomba ndiye aliyemsindikiza hadi uwanja wa ndege, na alimbebea sanduku.

Bonasi ilipotoka, mama alitupigia. Haikuwa kubwa, ya upande ule wa Bonde la Ufa haijawa kubwa. Alisema kwamba mara ya kwanza tangu afiwe ameigawa kwa mafungu arobaini. Fungu la mwanawe mdogo amelifungulia akaunti, na fungu la mkubwa limelipa karo ya muhula. Matano yake yeye amenunua mabati.

“Na saba za binti?” tukamuuliza.

“Nimeziweka, Shemeji,” akasema. “Akirudi atazikuta.”